Verlene Alikataa Kumaliza Wimbo

Hapa kanisani kwetu Mlima Nebo kila mtu anajua kwamba mwezi wa Machi ibada huwa fupi, na kila mtu anajua ni kwa sababu ya nani. Mhubiri akipandisha sauti, Verlene Pettiford humfuata na kinanda. Akiona mtu amefika kileleni na bado anatafuta njia ya kupanda tena, Verlene humteremsha yeye mwenyewe. Hubonyeza zile sauti za mwisho, nene na tamu, waumini wakaitikia Amina, na mhubiri hana tena la kufanya ila kupangusa jasho na kukaa. Wachungaji kadhaa wameteremshwa hivyo. Hakuna aliyenung'unika, maana nusu ya mashemasi nao wana televisheni inayowasubiri nyumbani.

Machi ndio mwezi wa mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo. Mji wetu huu wa Karolina umekaa katikati ya vyuo viwili visivyopikika chungu kimoja, kimoja kinavaa samawati na kingine buluu iliyokoza, na mtoto wa hapa hupata rangi kabla ya kupata jina. Verlene ni Samawati. Mimi, Ardelia Spruill, ni Buluu, na sitamwomba mtu radhi. Tumekuwa marafiki tangu shule ya Jumapili, na sijui Mungu aliliwezaje jambo hilo.

Siku za kazi Verlene huwafundisha watoto piano sebuleni kwake. Jumatano jioni ni mazoezi ya kwaya, na hapo ndipo utamjua mwenyewe hasa.

"Alto! Mnalinda nini?" huwafokea. "Mnaimba kama timu iliyotangulia pointi ishirini ikaamua kwenda kulala!"

"Dada Verlene, tumetoka kazini, tumechoka."

"Basi kaeni benchi niwaingize wa akiba."

Wa akiba hakuna, na wao wanajua, lakini wanakaa wima na sauti inatoka. Jambo moja tu halina utani kwake, nalo ni matokeo. Marehemu mume wangu aliwahi kumwambia kwa mzaha kwamba Samawati wameshinda, kumbe wamefungwa. Hakumsemesha mpaka Pasaka. "Matokeo ni matokeo, Ardelia," aliniambia. "Mtu akidanganya matokeo, atadanganya kila kitu."

Mtu anayetazama naye mechi ni mmoja tu, kaka yake, Rudell. Yeye hukaa upande huu wa kochi, Rudell upande ule, bakuli la njugu za kuchemsha katikati. Rudell alichezea chuo kidogo cha watu weusi huko mashariki, na hadi leo, na mvi zake zote, mchezaji akikosa mtupo huru, ule wa kutupa peke yako mstarini bila kuzuiwa, huinuka na kuionyesha televisheni jinsi mkono unavyotakiwa kukunjwa. Wote wawili ni Samawati, lakini wanaweza kubishana mechi nzima. Ila neno kanisa halitajwi kwenye kochi lile, na sababu yake wote tuliozeeka hapa tunaijua.

Rudell alipokuwa na miaka kumi na tisa, msichana mmoja wa kwetu alipata mimba yake. Desturi ya siku zile ilikuwa kwamba kijana husimama mbele ya kanisa zima akaomba msamaha, kisha wazee wakampa mkono wa ushirika tena. Shemasi Lassiter, aliyekuwa bado kijana mwenye masharubu meusi, ndiye aliyemwita jina. Rudell akasimama. Akasema, "Nitamlea mtoto wangu. Lakini sitasimama hapa kumwita kosa, hata hajazaliwa." Akageuka akashika njia ya mlangoni. Mashemasi wakamwashiria mpiga kinanda aanze wimbo, ili watu wasisikie viatu vyake. Mpiga kinanda alikuwa Verlene. Alikuwa na miaka kumi na sita, akafanya alivyoambiwa.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Renita, Rudell akamlea kama alivyosema. Lakini mguu wake haukukanyaga tena Mlima Nebo. Mazishi ya mama yao aliyasikilizia nje, amesimama chini ya dirisha.

Sasa Machi hii moyo wa Rudell ukaanza kugoma. Madaktari wakapanga kumpasua Jumatatu asubuhi, na hawakumficha kwamba kwa umri wake ni bahati nasibu. Jumamosi Verlene alikuja jikoni kwangu bila kubisha hodi. Nilikuwa nachanganya makaroni na jibini ya chakula cha Jumapili. Akakaa na koti lake.

"Amekubali kuja kesho," alisema.

"Nani?"

"Rudell. Anasema anakuja kunisikiliza nikicheza, basi. Atakaa benchi la mwisho, na nikimwambia Mchungaji hata nusu ya neno, akasikia jina lake likitajwa mimbarini, atageuka papo hapo."

"Haya, si anakuja? Mshukuru Mungu."

"Ardelia, kuja si kurudi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nataka wakati wa mwito ainuke aje mbele. Nataka aingie kwenye kisu kile akiwa ndani, hajasimama nje ya dirisha. Mimi ndiye niliyemchezea akitoka. Umesahau? Kila Jumapili nikikaa pale nasikia viatu vyake."

Sikuwa nimesahau. Nikaweka mwiko chini.

"Wewe ndiye utakuwa zamu mlangoni," akaendelea. "Akija kwako akitaka umfungulie, usimfungulie. Unasikia? Hata akikutukana."

"Amekuwa akinitukana tangu darasa la tatu."

"Na Samawati wanacheza saa nane kesho," akasema, karibu alie. "Robo fainali. Kanisa zima litakuwa na haraka. Naye pia."

Jumapili hiyo nilivaa glavu zangu nyeupe nikasimama mlango wa nyuma, mkono wa kushoto mgongoni kama tulivyofundishwa. Rudell aliingia wakati wa wimbo wa pili, kofia mkononi, amekonda shingo. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Bado unavaa kama muuza aiskrimu," alisema.

"Keti, mzee, kabla hujaanguka."

Akaketi benchi la mwisho, ukingoni, mahali pa mtu anayetaka kutoka. Kule mbele juu ya kinanda kuna kioo kidogo, Verlene hukitumia kumwona mhubiri. Niliona amekigeuza. Hakikuwa kinamwonyesha mhubiri tena.

Tatizo lilianza kabla hata ya mahubiri. Mchungaji Kearney ni kijana mwema, amekuja kwetu juzi juzi, na kosa lake lilikuwa wema wenyewe. Alisimama mimbarini akatabasamu kuelekea kinanda. "Wapendwa, najua leo ni siku gani," alisema. "Nimemwahidi Dada Verlene moyoni mwangu kwamba leo nitakuwa mfupi." Kanisa likacheka, watu wakapiga makofi. Verlene hakucheka. Miaka yote ile ya kuwateremsha wahubiri, sasa alikuwa anayala matunda yake, na hakuweza kufungua kinywa kujitetea.

Mchungaji akahubiri mbio mbio. Verlene alijaribu kumpandisha. Mungu shahidi, sijawahi kuona kitu kama kile. Kila mara kijana wa watu alipotaka kushuka, kinanda kilimsukuma juu, naye akapanda kidogo, akaangalia saa ya ukutani, akashuka kwa nguvu zake mwenyewe. Saa saba na kidogo alikuwa amefunga Biblia. Akanyoosha mikono akatoa mwito: kama yuko mtu anayetaka kumpa Bwana maisha yake, au aliyepotea anayetaka kurudi nyumbani, aje sasa wakati kwaya ikiimba. Shemasi akaweka kiti kitupu mbele, kama ilivyo desturi.

Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza. Kiti kitupu. Ubeti wa pili. Nilimtazama Rudell kisogoni, sikuona kitu, kisogo si uso. Ubeti wa tatu ulipokwisha Mchungaji aliinua kiganja, ishara ya kumaliza. Watu wakaanza kukusanya makoti na mikoba. Mama mmoja tayari alikuwa na funguo za gari mkononi.

Verlene hakumaliza. Akarudi ubeti wa kwanza.

Kwaya ikababaika, wengine wakiimba, wengine wakimtazama. Mchungaji akainua kiganja tena, juu zaidi. Alikuwa anapungia kioo ambacho hakikuwa chake. Minong'ono ikaanza kwenye mabenchi.

"Huyu leo vipi?"

"Saa yake imesimama?"

"Wanacheza saa nane, mwambieni!"

Mchungaji akateremka hadi kwenye kinanda, akainama. Waimbaji wa mstari wa mbele ndio walionisimulia maneno yao.

"Dada Verlene, tumalize. Mechi yako."

"Mchungaji, rudi ukasimame karibu na kile kiti."

"Hakuna mtu anayekuja, dada."

"Nimesema rudi, mwanangu. Tafadhali."

Nadhani lile tafadhali ndilo lililomtisha, maana hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kwake. Akarudi. Naye Verlene akapandisha wimbo sauti moja juu, na kwa watu wetu hiyo ina maana moja tu: bado tuko hapa. Waliokuwa wamevaa makoti wakakaa nayo.

Hapo ndipo Rudell alipoinuka. Akasimama kwenye njia ya katikati, akatazama mbele kwa muda, kisha akageuka akaja kwangu.

"Fungua mlango, Ardelia."

"Wakati wa mwito hakuna anayetoka wala anayeingia. Unaijua sheria."

"Ninaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Usinichezee. Nilisema nitakuja kumsikia akicheza. Nimemsikia. Na mechi inaanza."

"Mechi itakuwepo. Keti."

Akausogeza uso wake karibu na wangu. "Unajua walichonifanya hapa," alinong'ona. "Yule mzee Lassiter bado amekaa benchi lile lile. Unataka niende nikamwinamie? Nife nimeinama?"

Nilikuwa na mkono kwenye kitasa, na nitasema ukweli, nilikuwa karibu kumfungulia. Nilimwonea huruma. Alikuwa mgonjwa, hapumui vizuri, na nani alinipa mimi ruhusa ya kumfungia mtu mzima kanisani?

Ndipo wimbo ukabadilika.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Zamani kulikuwa na goli la kikapu limepigiliwa ukuta wa nyuma wa kanisa. Verlene akifanya mazoezi ya kinanda ndani, dirisha wazi, Rudell alikuwa nje akifanya mazoezi ya mitupo huru. Aliudunda mpira mara tatu, akavuta pumzi, akatupa. Mara tatu, pumzi, tupa. Verlene alichoka kugombana na ile midundo, akaanza kuufuatisha wimbo wa mwito nayo: sauti tatu nzito za kanyagio la mguu, kisha kimya, kisha wimbo unaendelea. Mama yao aliwakemea kwamba wanamfanyia Mungu mchezo. Sijui kama wao wenyewe walikumbuka. Mimi niliyekuwa nikiokota mipira ile nilikumbuka.

Verlene aliipungia kwaya mkono inyamaze. Kisha ukaja mguu wake: du, du, du. Kimya. Kanisa zima likashikilia kimya kile. Kisha sauti ikaingia, laini, mstari mmoja wa wimbo. Du, du, du. Kimya.

Rudell aliacha kuongea katikati ya neno. Mkono wake wa kulia, ulioshika kofia, ulijikunja kwenye kiwiko peke yake. Nadhani hakujua kama umejikunja.

"Anacheza nini yule?" alisema.

"Unajua anacheza nini."

"Anapumua mapema. Siku zote alikuwa anapumua mapema."

"Basi nenda ukamwambie."

Du, du, du. Kimya. Akafumba macho, na machozi yakateremka kwenye mashavu yake. Kisha akageuka, akaanza kutembea. Alitembea na kinanda, akisimama kila kimya kilipokuja ili apate pumzi, na Verlene, aliyekuwa anamwona kwenye kioo, alikirefusha kimya kile kila mara hadi kaka yake alipokuwa tayari. Alipofika kwenye kiti hakuketi. Alisimama nyuma yake, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Kinanda kikanyamaza kabisa.

Mchungaji hakumjua. Akamuuliza jina, akamuuliza anataka nini kwa Bwana.

"Naitwa Rudell Pettiford. Nilibatizwa hapa hapa. Nataka kurudi." Akavuta pumzi. "Lakini niseme kwanza. Sikuja kuomba msamaha kwa ajili ya binti yangu Renita. Nilikataa wakati ule na nakataa leo. Kama hiyo ndiyo bei, nitatoka tena, na safari hii msinipigie muziki."

Nilimwona Verlene akiinamisha kichwa kwenye vibonyezo.

Mchungaji Kearney alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia katikati ya ugomvi wa wenyewe. Akafanya kile kilichoandikwa katika taratibu zetu. "Kanisa limesikia," alisema. "Nani anatoa hoja ndugu huyu apokelewe?"

Kimya. Kwetu hoja ya kumpokea mtu hutolewa na shemasi mkubwa, na shemasi mkubwa ni Lassiter. Akisita yeye, hakuna anayemtangulia. Mzee alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono juu ya fimbo, kidevu juu ya mikono. Watu hawakuangalia tena saa. Mama mwenye funguo za gari alikuwa amezishika kwa nguvu zisilie. Rudell alikuwa anapauka, na mimi kule nyuma nilikuwa nasema kimoyomoyo, mzee, simama, simama au huyu mtu ataanguka hapa.

Lassiter alisimama polepole kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama. Hakumwangalia Rudell.

"Renita ndiye anayenipeleka kusafishwa figo," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Mvua, theluji, anakuja. Wanangu wenyewe hawaji." Akahamishia fimbo mkono wa pili, tukadhani amemaliza. "Sina la kusema juu ya Renita. Natoa hoja."

"Kuna anayeunga mkono?"

Mhudumu wa mlango akiwa zamu hapazi sauti mbele ya kanisa. Hiyo ni sheria kubwa kuliko zote.

"Naunga mkono!" nilipiga kelele kutoka nyuma, glavu zangu hewani, na kanisa zima likageuka, na mkono wa Verlene ukaanguka kwenye kinanda, na baada ya hapo sikusikia tena nani alipiga kura ya nini.

Mechi tuliitazamia ukumbi wa chini, kanisa zima, kwenye televisheni ya shule ya Jumapili, na sahani za kuku wa kukaanga magotini. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha tulipowasha. Rudell aliketi katikati ya Verlene na binti yake Renita, aliyekuja mbio baada ya kupigiwa simu na watu sita. Samawati walikuwa nyuma, wakafukuzia, wakabakisha pointi moja tu, na sekunde za mwisho kijana wao akapewa mitupo huru miwili. Rudell akainuka nusu kutoka kitini.

"Mara tatu, mwanangu," aliiambia televisheni. "Mara tatu, kisha upumue."

Yule kijana alidunda mara moja akatupa. Akakosa. Wa pili pia, na Samawati wakatolewa. Mimi wa Buluu nilikuwa nimengojea siku kama ile maisha yangu yote, na nilipofungua kinywa nicheke, hakikutoka kitu.

Jumatatu tulikaa hospitalini, Verlene, Renita na mimi, tangu alfajiri. Mguu wa Verlene ulikuwa ukigonga sakafu mara tatu na kutulia, mara tatu na kutulia, mpaka muuguzi mmoja akamuuliza kama anaumwa. Jioni ndipo daktari alipokuja akasema mzee ana kichwa kigumu na moyo mgumu zaidi, na tunaweza kumwona kidogo.

Alikuwa amelala na mirija mingi mwilini. Verlene akashika ukingo wa kitanda. Rudell akasogeza midomo, tukainama wote watatu.

"Jana," alisema. "Tulishinda?"

Nilimtazama Verlene. Huyu ni yule ambaye hakumsemesha mume wangu mpaka Pasaka.

"Tulishinda," alisema.

Rudell hakufungua macho. "Muongo mkubwa," akasema, kisha akalala tena.